Siku ya Thelathini na Tatu

Nilikuwa karani wa mahakama pale Tabora, kwenye dirisha la kupokelea mashauri, miaka ile watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya Ujamaa. Tangazo lile nililipiga chapa mwenyewe. Msitu wa upande wa Ipole ungekatwa kupisha shamba la tumbaku la kijiji, na miti yake iwe kuni za mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku. Mwenye pingamizi alilete mahakamani ndani ya siku thelathini, yeye mwenyewe, na alama ya dole gumba lake. Humo ndimo baba yangu alimotundika mizinga yake yote ya nyuki, na babu kabla yake.

Nakala moja ilibandikwa kwenye ubao wetu, nyingine mlangoni kwa ofisi ya kijiji. Nani aliuchagua mwezi ule sijui mpaka leo, na kila nikikumbuka napandwa na hasira. Ulikuwa mwezi wa kulina asali. Watu ambao msitu ndio riziki yao walikuwa msituni. Kijijini wa kusoma tangazo walikuwa kuku na mbuzi.

Siku ya tano nilidandia lori nikaenda nyumbani. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, huku anapepeta mtama. Kwetu, mwanamume akiwa kambi ya asali hapelekewi neno la nyumbani. Hata msiba humsubiri arudi. Moyo ukichafuka, wanasema, mkono hutetemeka juu ya mti na nyuki huhama.

"Mama, hili si neno la nyumbani. Ni la serikali."

"Basi serikali itamkuta akirudi," akasema. "Au unataka baba yako aanguke?"

Ningeweza kwenda. Kambi niliijua, mwendo wa siku moja na nusu kwa miguu. Nilikuwa mtu mzima, suruali imepigwa pasi na kalamu mfukoni, lakini nilimwogopa mama, na zaidi niliogopa kuwa mimi ndiye nitakayempelekea baba mkosi. Nikajidanganya kwamba siku thelathini ni nyingi. Nikarudi kazini.

Siku ya ishirini nilimwendea hakimu, nikamwuliza kama naweza kuweka pingamizi kwa niaba ya baba. Akanijibu bila ukali kwamba mizinga si yangu, dole gumba si langu, na mimi ni mtumishi wa mahakama hiyo hiyo. Nikauliza kama muda unaweza kusogezwa.

"Siku zinahesabiwa tangu tangazo lilipobandikwa," akasema. "Hazihesabiwi tangu mtu alipoliona."

Nilitoka mle natamani kuung'oa ule ubao na misumari yake. Sikuung'oa. Niliketi dirishani nikapokea kesi za watu wengine.

Baba alikuja siku ya thelathini na tatu. Alipanga foleni kama wenzake, ananuka moshi, mikono imevimba kwa kuumwa na nyuki. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipitishia karatasi aliyoandikiwa na mwalimu wa shule. Alama ya dole gumba ilikuwa chini kabisa, ameibonyeza kwa nguvu mpaka wino umetambaa. Nikaigonga mhuri: nje ya muda. Ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya, na sikuwahi kuichukia kama siku ile.

Nikamsomea maneno ya mhuri.

"Wewe ulijua lini?" akauliza.

"Siku ya kwanza, baba."

Nikamweleza yote, safari yangu ya lori, mama, na hofu ya kumwangusha mtini. Niliongea haraka haraka, kwa aibu, watu wa foleni wakisikia. Alinisubiri nimalize.

"Ungekuja kambini ningekugombeza sana," akasema. "Lakini ningekugombeza nikiwa bado nina msitu."

Akaikunja karatasi yake, akampisha aliyekuwa nyuma.