Waipa Zilizokwama Kabla ya Harusi ya Sengi

Mpaka leo nikisikia raba kavu ikikwaruza kioo cha gari, kwii, kwii, hata kama niko ndani ya basi na abiria wote wanalalamika, mimi hutabasamu. Anayekaa jirani yangu hunitazama mara mbili. Simlaumu. Hajui kwamba sauti ile imeshanirudisha nyumbani kwetu Bariadi, pembeni mwa mji, kwenye ua ulionuka dizeli, pamba na samadi, siku ambazo Simiyu ilikuwa jina la mto tu, haijawa mkoa.

Zilikuwa enzi za ruksa. Sukari ilikuwa imerudi madukani, mitumba imetandazwa sokoni, na wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia vijijini na mizani yao, kazi ambayo zamani ilikuwa ya ushirika peke yake. Baba aliuza sehemu kubwa ya ng'ombe wa zizi letu akanunua lori kuukuu la bluu, lenye mlango mmoja wa kijani, akawa anawabebea wanunuzi hao pamba. Sisi watoto tuliliona lile lori kama ndege. Tulikuwa tukilipapasa tairi kama watu wanavyompapasa ndama.

Baba mdogo Masunga hakuliona hivyo. Yeye alikuwa dereva wa ushirika kwa miaka mingi, dereva wa kuvaa kofia, wa kupungiwa mikono na watoto njia nzima. Wanunuzi binafsi walipoingia, malori ya ushirika yaliegeshwa moja baada ya jingine, naye akaambiwa aende nyumbani. Akahamia Mwamapalala, akashika jembe na mifugo. Siku moja, kwenye kikao cha ukoo, alimwambia Baba mbele ya watu, "Kaka, unakula sahani moja na walioninyang'anya kazi."

Baba akamjibu, "Mimi sikuua ushirika. Nilikuta umeshakufa."

Basi. Hawakupigana, hawakutukanana. Waliacha tu kusemeshana. Msimu mmoja wa pamba ukapita, ukaja mwingine. Wakikutana msibani, kila mmoja alikuwa na upande wake wa kukaa.

Sasa, pamba husombwa kiangazi, na kiangazi hakuna anayezikumbuka waipa. Mwaka ule mvua ziliwahi, tena kwa fujo, wiki ileile ambayo shangazi yetu mdogo, Sengi Minza, alikuwa anaolewa Nassa. Lori la Baba ndilo lililokuwa limepangwa kumpeleka bibi harusi, kwaya, na kabati lake la nguo. Mvua ya kwanza ilimkuta Baba njiani akitoka kuchukua mchele wa sherehe, Mayu, yaani mama yangu, akiwa kando yake. Akawasha waipa. Kimya. Kioo kikageuka maziwa. Wakaenda hivyo Baba akichungulia kwa kutoa kichwa dirishani, mpaka gurudumu la mbele likaning'inia ukingoni mwa karavati, juu ya maji mekundu yaliyokuwa yakipita kwa kasi. Watu waliokuwa wamejikinga mvua karibu na hapo waliwasaidia kulirudisha.

Mayu alifika nyumbani amelowa, akaanika kanga yake, akasema kwa utulivu uliotutisha wote, "Wifi yangu hapandi hilo gari likiwa kipofu."

Baba alijaribu mbinu za madereva. Alisugua kioo kwa tumbaku, akidai maji yatateleza yenyewe. Hayakuteleza, kioo kilibaki na rangi ya chai na sote tulipiga chafya. Kisha alifunga kamba za katani kwenye waipa zote mbili, akazipitisha madirishani, akaniweka mimi upande mmoja na binamu yangu mmoja upande mwingine tuvute kwa zamu. Ya upande wangu haikusogea hata kidogo. Nilivuta kwa nguvu zangu zote mpaka kamba ikakatika nikaanguka chali kwenye kiti. Baba akatangaza kwamba mota ya waipa imeungua, na mota kama ile mpaka Mwanza.

Sengi Minza aliyasikia hayo akiwa anasukwa nywele. Alimtuma mtu wa baiskeli kwenda Mwamapalala, na kumbe ujumbe wenyewe ulikuwa hivi: "Sikuiti kwa ajili yake. Nakuita kwa ajili yangu. Nitakayekaa nyuma ya hicho kioo ni mimi."

Kesho yake, siku moja kabla ya harusi, Baba mdogo Masunga aliingia uani akisukuma baiskeli iliyojaa tope hadi kwenye tandiko, mfuko wa spana ukining'inia kwenye usukani. Wingu lilikuwa zito lakini mvua ilikuwa imepumzika.

"Mwangaluka, shemeji," alimwamkia Mayu.

"Mwangaluka."

Baba alikuwa amesimama hatua chache tu, kwenye mlango wa kijani. Baba mdogo akanigeukia mimi. "Nyanjige, mwambie baba yako aingie ndani, awashe swichi."

Nilimtazama Baba. Alikuwa amesikia, nani asingesikia? Lakini alinitazama akisubiri. Ikabidi niseme, "Baba, Baba mdogo anasema uingie uwashe swichi." Ndipo akapanda.

Swichi ikawashwa. Kimya.

"Muulize fyuzi zake ziko wapi."

"Mwambie ziko chini ya dashibodi, kushoto."

Nilijiona mtu mkubwa sana. Nilipokea maneno huku nikayapeleka kule, mengine nikiyatia adabu kidogo njiani. Maana Baba mdogo alipofungua kile kisanduku, alikuta mahali pa fyuzi ya waipa pamekunjiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, nayo imeungua ikakatika. Akaichomoa kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya. "Mwambie baba yako waya zimeanza kuyeyuka. Lori lilikuwa linataka kumchoma akiwa hai." Mimi nikasema, "Baba, anasema pole, waya zimepata joto."

Alikuwa na fyuzi halisi kwenye kikopo mfukoni. Akaweka moja. Swichi ilipowashwa, mota ilitoa mguno mmoja tu, mm!, halafu fyuzi ikakatika. Baba mdogo akatabasamu kwa mara ya kwanza. Alifungua kifuniko kilichokuwa chini ya kioo, akatenganisha mota na vyuma vinavyovuta waipa, akaweka fyuzi nyingine. Safari hii mota ililia vizuri, laini, kama nyuki ndani ya chupa.

"Mwambie mota ni nzima. Ila kuna kitu kinaikaba."

Akaushika mkono wa waipa wa kulia, ukacheza. Akaushika wa kushoto, ule ulionishinda, ukagoma. Akalala kifudifudi juu ya boneti, akapitisha kidole kule ndani, akatoa kitu cheusi, kigumu kama kipande cha blanketi kuukuu. Akakipasua. Katikati kilikuwa cheupe.

Ilikuwa pamba. Msimu mzima nyuzi za mzigo zilikuwa zikipeperuka na kuingia chini ya kioo, zikachanganyika na vumbi na mafuta, zikajisokota kwenye kile kichuma kinachouzungusha mkono wa waipa mpaka kikashikana na kutu. Nilingoja aseme neno kuhusu pamba ile, maana hata mimi mtoto niliona neno lipo. Alinitazama, akamtazama Baba kupitia kioo, akaitupa chini.

"Niletee mafuta ya taa," akasema.

Alikimwagia kichuma mafuta, akakigongagonga kwa kipande cha mti, akangoja, akagonga tena, mpaka kikalegea. Akakichomoa, akakisugua kwa mchanga na kitambaa, akakipaka grisi, akarudisha kila kitu. Waipa ziliwashwa, zikaondoka kwa kishindo, zikagongana katikati ya kioo na kushikana kama mbuzi wawili waliopigana pembe.

Hapo ndipo Mayu alipoita jikoni, "Nyanjige!"

"Abee!"

"Njoo hapa haraka!"

Nikakimbia. Nikadhani kuna chungu kinamwagika. Sikukuta chochote. Mayu alikuwa ameketi juu ya kigoda, mikono imetulia mapajani, Sengi Minza kando yake amefunga kitambaa kichwani.

"Nifanye nini, Mayu?"

"Kaa."

"Lakini wananihitaji kule."

"Kaa, nimesema."

Tukakaa. Nje palikuwa kimya. Kuku tu ndio waliosikika. Halafu kikohozi cha Baba. Sengi Minza alikuwa ameuma ncha ya kitambaa chake. Mwishowe tukasikia sauti ya Baba mdogo, kavu:

"Zima."

Kimya.

"Nimezima," Baba akasema.

"Washa. Ziache zirudi zenyewe chini... Sasa zima. Ngoja nikaze huu mkono. Washa!"

"Vipi hapo?"

"Punguza... Kaka, nimesema punguza, hujaacha tu kuwa na haraka!"

Na Baba akacheka. Mayu alinyanyuka kwenda kukoroga uji ambao ulikuwa umeshaiva zamani, akitugeuzia mgongo. Sengi Minza alilia bila sauti, huku nywele zake mpya zikinuka mafuta ya nazi.

Asubuhi ya harusi mvua ilinyesha kana kwamba imealikwa. Kwaya ikapanda nyuma chini ya turubai, ikaanza kuimba kabla hata lori halijaguruma. Sengi aliketi mbele, nami nikabanwa karibu naye kwa kazi ya kushika shela lisiguse sakafu. Baba alizunguka mpaka upande wa dereva, akasimama. Kisha akamnyooshea mdogo wake ufunguo.

"Endesha wewe, Masunga. Mimi macho yangu siku hizi hayaoni vizuri kwenye mvua."

Baba mdogo aliushika ule ufunguo muda mrefu kidogo. Alipanda, akarekebisha kioo cha pembeni, akafuta usukani kwa kiganja, taratibu, mzunguko mzima. Tukaondoka. Waipa zilikwenda na kurudi, na barabara ya Lamadi ikafunguka mbele yetu, nyekundu na safi. Tulifika Nassa kabla ya bwana harusi kuvaa viatu.

Baba mdogo aliliendesha lori lile tangu siku hiyo mpaka lilipochoka kabisa. Na mimi, kwa huruma, kila nilipopiga magoti kuomba, niliyaombea macho ya Baba yapone. Niliyaombea hata nilipokwenda shule ya bweni. Ilinichukua mpaka nikawa mke wa mtu ndipo nielewe: siku moja nimekaa na Baba barazani mvua ikimwagika, akanyoosha kidole na kuniambia yule ndama mweupe aliye ng'ambo ya mto, mbali kule nilikoona ukungu mtupu, anachechemea mguu wa nyuma.