Onyo Nililolizima Nkunga

Saa moja na dakika kumi asubuhi. Saa hiyo siisahau, mwanangu, na jana nilipofungua programu uliyoandika hapa Makandana nikakuta kosa lilelile, nilikasirika hadi nikashindwa kula.

Nilikuwa najifunza Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, peke yangu, nikakiandikia kituo cha maziwa cha Nkunga programu ya mapokezi. Kila keni ya maziwa ilitakiwa iwe mambo mawili kwa pamoja: Mzigo, yaani ina uzito, na Kilichopimwa, yaani ina majibu ya kipimo cha uchachu. Aina hiyo nikaiita T, nikaifunga kwa Mzigo & Kilichopimwa. Hapo sikukosea. Nilikosea nilipoikasti keni kwa (T), yaani nilipoiapia kompaila kwamba keni ni ya aina hiyo. Kompaila, ile inayokagua nilichoandika kabla hakijaanza kazi, ikanionya kwamba haiwezi kuthibitisha. Nikalizima onyo. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Programu ikishaanza kazi, T hufutika, hubaki jina la kwanza tu, Mzigo. Asubuhi ile ikaja keni ambayo haijapimwa. Uzito ilikuwa nao, ikapita. Kioo cha kompyuta kikaandika "Mimina", ikamiminwa kwenye tangi pamoja na maziwa ya wengine. Ndipo programu ikadai majibu ya kipimo, ikagundua hayapo, ikaanguka. Maziwa ya keni ile yalikuwa yamechacha. Tangi zima likaharibika.

Mzee Ambakisye, msimamizi wa kituo, hakupaza sauti.

"Ugwe, wewe, mashine yako haikukuambia?"

"Iliniambia, tata," nikamjibu kama ninayemjibu baba.

"Ukafanyaje?"

"Nililizima onyo. Lilikuwa linanisumbua."

"Basi nenda kawaambie akina mama wenye maziwa pale nje kwamba ulisumbuliwa."

Nilikwenda. Mmoja akaniuliza, "Na huo usumbufu wako, baba, unalipa ada ya shule?" Wenzake wakacheka, yeye hakucheka.

Mimi sikuwa na wa kunifundisha. Wewe unaye, ndiyo maana sikuonei huruma. Unapokasti, andika majina yote mawili, (Mzigo & Kilichopimwa). Hapo Java itauliza yote mawili mlangoni, na keni mbovu itakataliwa mfuniko ukiwa bado juu yake. Usikiapie kitu ambacho hujakiangalia. Onyo usilizime mpaka uweze kunieleza, kwa maneno yako, kwa nini ni salama. Maji yakimwagika hayazoleki, na maziwa vivyo hivyo.

Mungu akujalie macho ya kuona mapema na mikono isiyo na pupa. Mimi nililipia somo hili kwa vibarua vya kuchuma chai, kidogo kidogo, mpaka deni la maziwa ya tangi lile likaisha: shilingi laki nne na elfu themanini.