Chapati Nane za Mwalimu wa Baiolojia

Kila Jumatano mwalimu wa baiolojia hununua chapati nane kwa Mama Gati, naye hajawahi kumwona akila hata moja. Huzipanga kwenye sahani, moja juu ya nyingine, kisha huinua ukingo wa kila moja kwa vidole vyenye chaki na kuchungulia katikati. Mwanzoni Mama Gati alidhani anatafuta zilizoungua, akanuna.

Jumatano hii mwalimu alirudi nazo zote kutoka shuleni. "Darasa zima limekwenda kwenye vifusi vya mgodi kuokota mawe ya dhahabu," alisema kwa upole, akaketi kwenye benchi.

"Sasa mwalimu, huwa ni za nini hizi?"

Uso ukamchangamka. Akachuma jani la muhindi, akaliinua juani. "Humu ndani, Mama Gati, kuna vifuko bapa vimepangwa kama chapati hizi. Ni vidogo, jicho halivioni. Utando wake ndio unaonasa mwanga, mmea ukajipikia. Hata unga wako ulianzia hapo." Akaeleza hadi mwisho, amesimama wima, kwa sauti ya kufika dawati la nyuma. Kisha akauliza, "Kuna swali?"

Mama Gati akatazama huku na huku. Hakukuwa na mtu mwingine. Akanyoosha mkono wake wenye unga.