Ndoto Aliyoisubiri Bi Fauzia

Jirani yangu hapa Njinjo, Bi Fauzia, si mtu wa kukurupuka. Hata ufuta hapandi bila kuswali kwanza. Basi mwanawe Samia alipokuwa mjamzito, nesi Veronika wa zahanati akasema mtoto ametanguliza matako tumboni, waende hospitali ya mjini mapema, kabla mvua haijakata njia. Bi Fauzia akajibu, "Inshallah. Ngoja nimwombe Mungu anionyeshe."

Sikumlaumu. Binti yake mkubwa alipelekwa mjini kupasuliwa, akarudi maiti. Huyu wa pili alimwogopea kisu, na kumbakisha nyumbani aliogopa vilevile.

Akaswali istikhara, ile swala ya kuomba uongozi penye mambo mawili. Huku kwetu wengi tunaamini jibu huja usingizini: ukiota cheupe, nenda, ukiota cheusi, acha.

Asubuhi Samia akamwuliza, "Mama, umeota?"

"Nimeota nyani wanakula mahindi."

Shamte, mume wa Samia, akacheka. "Hiyo siyo ndoto, mama. Hiyo ni habari ya shambani."

Nesi akaja mwenyewe, viatu mkononi kwa matope. "Bi Fauzia, mtoto hasubiri ndoto."

"Vuta subira, mwanangu. Bado sijaonyeshwa."

Mto Matandu ukafurika, magari yakakwama, uchungu ukamshika Samia njia imeshakatika. Nesi alihangaika naye mpaka akaishiwa nguvu. Samia alipona. Mtoto, wa kiume, tulimzika.

Bi Fauzia hakulia mbele za watu. Aliniambia tukichambua mboga, "Dada, nilidhani nimemwachia Mungu. Kumbe nilikuwa naogopa tu."

Sasa Samia ana mimba nyingine, na nesi amewataka tena waende mapema. Juzi baada ya alfajiri nilimkuta Bi Fauzia kwenye mswala. Aliswali rakaa mbili, akaomba dua ndefu, akainuka na kuanza kupanga kanga kwenye begi.

"Mama, umeota?" Samia akauliza.

"Hata sikulala, nitaotaje?"

"Sasa umejuaje kama twende?"

"Sijajua. Vaa viatu, gari la Shamte linangoja."

Zipu ya begi ikamshinda. Nilimfungia mimi.

Hawajapiga simu bado. Kila nikimaliza kuswali nawaombea, kisha natoka kutazama barabara.