Nguzo ya Bi Zuwena

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka uso huniwaka moto, na miaka imeshapita mingi. Siku yenyewe haikuwa na kikubwa. Hakufa mtu, haikuungua nyumba. Nilivunja nguzo ya jirani kwa gari, basi. Lakini nguzo ikaja kuwa jambo dogo kuliko yote yaliyofuata, na ndiyo maana nnakukalisha kitako nikuelezee.

Tulikuwa hapa Maskati, mtaa wa Khuwair ya Kusini, nyumba hii hii nnayokaa sasa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, karani wizarani, na leseni yangu haijatimiza mwezi. Wakati ule msichana kupasi mtihani wa kurudi nyuma baina ya mapipa, asiguse hata moja, ilikuwa sifa ya kuhadithiwa kila nyumba tuliyokwenda kunywa kahawa. Na mimi sifa zile nilizila zote, sikubakisha. Baba yangu, Mungu amrehemu, akanipa gari lake jekundu niende nalo kazini, yeye akawa anapakiwa na mwenzake wa ofisini.

Ukuta kwa ukuta na sisi alikuwa akikaa Bi Zuwena, mtu mzima aliyetoka Unguja kama wazee wangu. Mumewe alikuwa amefariki karibuni, naye yumo ndani anakaa eda. Nje ya geti lake palikuwa na nguzo ya chuma, na juu ya nguzo kasha la mbao la kutilia barua, lina kijilango na kipaa chake. Nyinyi khabari zenu zinaingia kwenye simu, hamjui mambo haya. Hapa Maskati posta haikuwa ikileta barua mlangoni kwa mtu. Zetu na za majirani kadhaa zilifikia kwenye sanduku la posta la Baba, na kila jioni akirudi hupita akizigawa. Bi Zuwena, kwa kuwa yumo edani na hatokei mbele ya wanaume, rambirambi zake kutoka Unguja na Dar Baba alizitia mle kashani, akagonga geti mara mbili, akenda zake. Na nguzo ile, mwanangu, aliichimbia marehemu kwa mikono yake.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimechelewa. Nikaingia garini, nikatia gia ya kurudi nyuma, na kioo badala ya kutazamia njia nnajitazama mimi, natengeneza mtandio. Nikasikia kishindo. Kushuka, nguzo imelala, kasha limepasuka ubavu, na taa ya nyuma ya gari imevunjika. Nikaangalia huku na huku. Njia tupu. Kilichokuwapo ni gari la maji tu, lililokuwa limetoka kumjazia Bi Zuwena tangi, linakata kona kule mwisho.

Nikajiambia, nitasema nikirudi. Nikaondoka.

Niliporudi mchana nikawakuta majirani wamesimama pale getini, na Baba katikati yao. Jirani mmoja akasema, "Asubuhi hakuingia mwengine hapa ila gari la maji." Wakanigeukia. Baba akauliza, "Raya, wewe ulitoka wakati huo. Uliliona?"

Haya, mlango ulikuwa wazi mbele yangu, ni kupita tu. Nikasema, "Ndiyo, nililiona linarudi nyuma."

Maneno matatu manne, hata pumzi hayakumaliza. Wazee wetu walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole ungekifunga kitambaa. Na uwongo haukai peke yake, unataka mwenzake. Jioni Baba akaniuliza taa ya nyuma ina nini, nikamwambia nimegongwa pale tunapoegesha magari kazini. Akasema, "Pole, mama." Alikuwa akiniita mama, kwa mapenzi. Neno lile siku hiyo lilinichoma.

Dereva wa gari la maji alikuwa mtu wa Pakistani, jina lake Karimu. Miaka alikuwa akituletea maji mtaani petu, mara mbili kwa wiki. Mpira wake wa maji akiuburura kwa uangalifu usivunje maua ya watu, na kwa Bi Zuwena, tangu msiba, akifunga tangi mwenyewe na kufagia maji yaliyomwagika. Alipokuja tena, majirani wakamzuia mwanzo wa njia. Nilikuwa dirishani. Walimwambia asirudi, wamekwishatafuta mwengine. Niliona anatikisa kichwa, anaweka mkono kifuani, anasema neno, hakuna anayemsikiliza. Akapanda garini mwake akaondoka na maji yake tele. Nami nikashusha pazia.

Wiki ile sikula vizuri. Mama akidhani nna homa.

Baba aliipeleka nguzo kwa mafundi wa chuma, mtaa unaoitwa Ghala, ikanyooshwa na kuchomelewa pale ilipopasuka, na Ijumaa, baada ya sala na chakula, akaitoa nje aisimamishe. Alikuwa mtu wa kazi za mikono. Fundi alimwita kwa kile asichokiweza tu. Akaniita nimsaidie. Nikamkuta amekaa juu ya ndoo anaipiga msasa nguzo apate kuipaka rangi. Mara mkono ukasita. Akaisogeza nguzo juani, akapitisha kidole mahali pamoja, akatazama kile kidole. Gari la maji lilikuwa la buluu, mwanangu. Kwenye chuma kile palikuwa na mkwaruzo mwekundu.

Aliendelea kupiga msasa mpaka pakang'aa, kisha akanipa mtaimbo. "Chimba wewe, mama. Kisiki cha zege ya zamani lazima kitoke chote. Ukisimamisha juu ya zege iliyopasuka, utarudi tena mwakani."

Nikachimba. Ardhi ya kwetu unaijua, mawe juu ya mawe. Tukaimwagia maji, tukangoja inywe, nikachimba tena mpaka viganja vikatoka malengelenge. Yeye akichanganya saruji na mchanga na kokoto kwenye karai, taratibu, kimya. Laiti angenigombeza! Kimya chake kilikuwa kizito kuliko ule mtaimbo. Kisiki kilipotoka, nikakaa chini pale pale mchangani, nikalia.

"Baba, ni mimi."

"Najua," akasema. "Nimejua tangu ulipokuwa hujashika mtaimbo. Nilikuwa nikikungoja."

"Nisamehe."

"Mimi hukunivunjia nguzo. Inuka, saruji imeshachanganywa, haingoji mtu kumaliza kulia."

Tukapanga mawe chini ya shimo, tukatia nguzo. Akanishikisha niizuie, naye akaning'iniza timazi, ule uzi wenye chuma mwishoni, akitazama upande huu, akitazama upande ule. "Kwako… kidogo… hapo. Usipumue." Tukamimina zege, akaishindilia kwa kijiti isibakishe mapengo, juu akaisawazisha imwage maji nje, maji yasitulie kwenye chuma. Tukaiegemeza mbao tatu na kuifunika gunia bichi, maana jua letu likiikausha zege kwa haraka huipasua. Alipomaliza kunawa mikono ndipo aliponitazama usoni.

"Hii itakuwa imeshika kesho kutwa," akasema. "Sasa niambie, mama. Yule mtu tuliyemfukuza, nani atamsimamisha?"

Akaniambia niingie kwa Bi Zuwena kabla ya Magharibi. Hakunipeleka. Nikaingia na mchanga wangu mguuni. Bi Zuwena alikuwa juu ya mswala, na nguo zake zile za eda, tasbihi mkononi.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu?"

Nikamwambia yote, sikuacha. Nilidhani atalia kwa ajili ya nguzo ya mumewe. Hakulia.

"Nguzo ni chuma," akasema. "Marehemu mwenyewe ilimwangukia mara mbili kabla haijasimama, nikamcheka. Lakini weye unajua ulilonifanyia? Siku zote hizi, kila nikimaliza kusali, nnamwapiza yule mtu. Nnasema, ewe Mola, mtu huyu kanivunjia kumbukumbu yangu na hakuniomba hata radhi, mlipe. Ndani ya eda yangu, Raya! Umenipa uwongo nikaupandisha mbinguni."

Mwanangu, nimegombezwa mara nyingi maishani, lakini sijapata kusikia maneno yaliyonipasua kama yale. Nikaanguka miguuni pake. Akaniinua, akanipangusa mchanga usoni kwa upindo wa kanga.

"Nenda ukamtake radhi," akasema. "Na zangu umchukulie, maana mie siwezi kutoka."

Kesho yake Baba akanipeleka kule Ghala, wanakoegesha magari ya maji. Karimu alikuwa anakaza mpira wake kwa kamba. Nikasimama mbele yake, na maneno niliyoyapanga njia nzima yakanipotea. Nikasema tu, kwa Kiarabu, kwamba mimi ndiye niliyevunja nguzo, nimemsingizia, na Bi Zuwena na mimi tunamwomba radhi.

Akaendelea kufunga kamba mpaka akamaliza. Kisha akasema, kwa kile Kiarabu chake cha kuokoteza, "Najua, dada. Nilikuona kwenye kioo."

Baba akashtuka. "Ulimwona? Mbona hukusema?"

"Ningesema," akajibu, "mngemwamini nani?"

Baba yangu akainamisha kichwa. Akamshika mkono Karimu kwa mikono yake miwili, akasema, "Nisamehe na mimi. Nilikuwapo, na sikukuuliza hata neno moja."

Karimu akasema amesamehe, sisi na yule mama. Baba akamsihi arudi mtaani. Akatabasamu, akatikisa kichwa: ameshapata wateja wengine upande wa Qurum, hawezi kuwaacha. Hakurudi. Baba alisema na majirani msikitini, na mimi nikayasema mwenyewe mbele ya mama zangu wote wa mtaani, hata waliokuwa wakinisifu kwa mapipa yale. Sifa ilikwisha. Nilipata usingizi.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kukosa kupo, asiyekosa hajazaliwa. Kuvunjika koleo si mwisho wa uhunzi, na nguzo iliyoanguka husimamishwa. Lakini ukikosa, sema siku ile ile, kabla kosa halijatafuta mtu mwengine wa kulibeba. Kwani halitamtafuta mkubwa. Litamtafuta yule ambaye neno lake halina uzito mtaani, mgeni, mtumishi, mtu wa kazi. Ukiwa miongoni mwa wale wanaoaminiwa bila ya kuulizwa, jua umepewa amana nzito, usiifanye fimbo. Na akishitakiwa mnyonge mbele yako, hata kama weye huna kosa, muulize yeye kwanza. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Ukenda kuomba radhi, nenda kwa miguu yako, kwa yule uliyemdhulumu, usiishie kwa yule unayemwogopa. Chimba mpaka kisiki kitoke. Na usende ukitaraji kurudishiwa mambo kama yalivyokuwa. Msamaha utapewa, ukijaaliwa; ya zamani huenda usiyapate tena, na hilo ulikubali bila ya kununa.

Mola akupe ulimi mwepesi wa kukiri na mzito wa kumtaja mtu kwa ubaya. Akujaalie majirani wa kukwambia kweli usoni, na moyo wa kuwashukuru. Wala asikulaze hata siku moja na haki ya mtu kifuani. Amin, mwanangu, amin.