Mpiga Kengele Aliyekataa Kupunguzwa

Jumamosi, tarehe 12 Novemba 1994, Bi Damari Mlewa Chidong'a aliingia katika ofisi ya usharika wetu hapa Dodoma, nami nikiwa benchini nikisubiri cheti cha ubatizo cha mjukuu wangu. Mwaka huo alikuwa amemzika mumewe, kisha akapunguzwa kazi kiwandani Kizota.

"Shikamoo, Mzee," alimwamkia mzee wa kanisa. "Tangu msiba, nikiomba sisikii lolote moyoni. Pakavu kabisa."

"Marahaba. Basi pumzika, mama. Kengele tutampa mwingine. Lete ufunguo."

Bi Damari aliufumbata ufunguo, akauficha mkono nyuma ya mgongo.

"Nimesema sisikii, Mzee, sijasema siji. Nimekuja mniombee! Kiwandani wameshanipunguza, na kwa Mungu nako mnataka kunipunguza?"

Mzee alicheka, kisha akasimama akamwombea.

Siku hizi mhubiri mmoja husimulia kwamba mama huyo alisikia sauti kutoka mbinguni palepale ofisini. Naomba kusahihisha, kwa kuwa imani ya namna ile haihitaji kupambwa. Aliniambia mwenyewe mlangoni kwamba hakusikia kitu, na Jumapili, saa kumi na mbili kamili asubuhi, aliipiga kengele.