Alizeti za Joshoni

Harufu ya dawa ya kupe hunirudisha kijijini kwetu Sigino hadi leo. Ni kali, hukwaruza koo, na ilitoka kwenye josho la zamani la kuogeshea ng'ombe lililopakana na shamba letu, kuta zimepasuka, dawa yake imenywewa na ardhi tangu kabla sijazaliwa. Upande ule mahindi yetu yalitoka ya manjano na kufa yakiwa usawa wa goti. Afisa kilimo, mama mmoja mcheshi, alimshauri baba apande alizeti. Mizizi ingenyonya sumu polepole, msimu baada ya msimu, na kila mara azing'oe zote, zipelekwe mbali, asile mtu wala mnyama. Baba hakuwa na ardhi nyingine, akakubali. Nami nikaona watu wazima wamechanganyikiwa, kulima kitu kisicholiwa!

Zilichanua, loo, uzuri wa kudanganya. Baba alihofia mazoea yetu sisi watoto ya kutafuna mbegu, kwa hiyo alitangulia kukata vichwa na kuvifukia, mabua akayaacha yangoje kung'olewa kesho yake. Lakini kwetu shamba lililovunwa halina mwenyewe. Mabua ni ya ng'ombe wa jirani yeyote, wala hakuna anayepiga hodi. Asubuhi Baba Gidamis, mfugaji, jirani yetu wa kuzikana, aliona vichwa havipo, akaingiza ng'ombe wake. Wakala mabua, wakalamba na udongo. Jioni wawili walikuwa wamelala chini, povu mdomoni.

"Baba Anna, si mlishavuna?" alimuuliza baba bila hasira. Natamani angefoka.

"Hatukuvuna," baba akajibu. "Tulikuwa tunaondoa sumu."

Mazoea yana taabu. Baba hakupanda alizeti tena, na maziwa ya jirani hayakuja tena nyumbani kwetu. Kazi ya misimu mingi ikafia kwenye msimu wa kwanza. Baba alipofariki, wadogo zake wakalikata shamba viwanja, wakauza.

Siku hizi mji wa Babati umefika kule, bajaji zinapita, josho limefukiwa. Juzi nilimkuta mama kijana pale pale, mtoto mgongoni, akimwagilia mchicha uliostawi vizuri. Aliniamkia, akanichumia fungu, kama tunavyomkirimu mgeni. Nikamweleza yote, josho, alizeti, ng'ombe. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaitazama nyumba yake ambayo haijapigwa hata lipu.

"Sasa mama, mimi niende wapi?"

Nilirudi mjini na fungu lile mkononi, nisijue pa kulitupa.